Gadi Wawili, Mpira Mmoja



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu (S.A.W.), nawashukuru wahariri wa jarida letu kwa kunipa nafasi mimi mwanafunzi wa zamani wa madrasa hii. Waliponiomba niandike, nilijua kuwa wenzangu wataandika juu ya elimu, malezi na historia ya madrasa, na hayo wanayajua kuliko mimi. Nimeonelea niandike juu ya ubishi. Ubishi wenyewe ulikuwa wa mpira wa kikapu wa Marekani, na ulinigharimu rafiki kwa miezi minane. Ndugu msomaji, usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho.

Gadi ni nani?

Timu ya kikapu ina wachezaji watano uwanjani. Wawili kati yao, kwa kawaida walio wafupi na wepesi kuliko wenzao, ndio wanaopandisha mpira, wanaopanga mchezo na wanaotupa kutoka mbali. Viwanjani kwetu tuliwaita gadi. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotusikia kibarazani tukigombana juu ya "gadi bora", alidhani twazungumzia magadi ya kuchemshia kunde, akatutajia duka analouza mazuri.

Gadi mmoja kazi yake kubwa ni kugawa mpira, na wa pili kazi yake kubwa ni kufunga. Lakini mpira ni mmoja. Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu wote wawili wanaupenda, na mmoja akiushika mwenzake hana. Swali letu la kila jioni lilikuwa hili: katika ligi ya NBA, tangu ianze, ni jozi gani ya gadi iliyo bora kupita zote?

Ulikuwa mwaka 1996. Tulikuwa vijana wa miaka kumi na sita na kumi na saba. Tulisoma madrasa baada ya Alasiri, na baada ya Isha tulikaa barazani. Mmoja wetu alikuwa na mjomba Muscat aliyekuwa akileta kanda za video za michezo hiyo, na kanda moja tuliiangalia mpaka ikakwaruzika. Msimu ule Chicago Bulls walikuwa wameshinda mechi 72 na kupoteza 10 tu. Nusu ya vijana wa mtaa walikuwa na namba 23 ya Michael Jordan mgongoni, wengine wakiwa wameiandika wenyewe kwa kalamu ya wino.

Mimi nilikuwa upande wa Jordan, na hoja yangu ilikuwa fupi: Jordan na yeyote yule. Alitwaa ubingwa 1991, 1992 na 1993 akiwa na John Paxson, kisha akautwaa tena 1996 akiwa na Ron Harper. Nilikuwa nikisema, "Mpeni Jordan kivuli chake, hiyo ni jozi tosha."

Rafiki yangu, ambaye sitamtaja jina maana hapendi, alikuwa upande wa Isiah Thomas na Joe Dumars wa Detroit Pistons. Hawa walicheza pamoja tangu 1985 hadi 1994. Wakatwaa ubingwa mara mbili mfululizo, na angalieni ulivyogawanyika: mwaka 1989 mchezaji bora wa fainali alikuwa Dumars, na mwaka 1990 alikuwa Thomas. Na kabla Jordan hajapata ubingwa hata mmoja, Pistons waliwatoa Bulls mashindanoni miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na mtu aliyepewa kazi ya kumkaba Jordan alikuwa Dumars.

Lakini kisa alichokipenda zaidi kilikuwa cha mechi ya tatu ya fainali ya 1990, ugenini Portland. Baba yake Dumars alikuwa mgonjwa sana, naye aliiomba familia kwamba lolote likitokea siku ya mechi asiambiwe mpaka mechi iishe. Siku hiyo baba akafariki, saa chache kabla ya mpira kurushwa. Dumars akacheza bila kujua, akafunga pointi 33, Pistons wakashinda. Ndipo akaambiwa. Rafiki yangu alikuwa akikisimulia kisa hiki kwa sauti ya chini, nasi tulikuwa tukinyamaza.

Siku niliyokosea

Mimi na yeye ndio tuliokuwa gadi wa timu ya mtaa wetu. Mimi nilikuwa wa kufunga, yeye wa kugawa na kukaba. Vijana walimwita Dumars kwa sababu ya ukimya wake. Mimi nilijiita Jordan, maana hakuna aliyeniita.

Desemba ya mwaka ule, wakati wa likizo, tulifika fainali ya mashindano ya mitaa. Zilibaki sekunde chache, na tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Nilikuwa na mpira, na watu wawili walikuja kunikaba. Nilimwona rafiki yangu chini ya kikapu peke yake, mkono juu. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilimwona. Nikatupa mwenyewe. Mpira ukagonga chuma ukatoka. Tukapoteza.

Usiku barazani hakunilaumu. Alisema tu, "Nilikuwa peke yangu, ndugu yangu." Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi, kwa sababu yalikuwa kweli. Nikajibu kwa ukali, "Jordan haombi ruhusa ya mtu." Ubishi wa jozi ukawaka upya, na safari hii haukuwa wa jozi tena. Yeye akataja mechi ya Portland. Mimi, kwa kutaka kushinda tu, nikasema, "Kufiwa na baba si pointi. Mchezaji hapimwi kwa misiba yake."

Aliinuka, akavaa viatu vyake, akasema, "Mungu akusamehe," akaondoka. Wenzetu wote wakatazama chini. Mimi sikuelewa. Nilipofika nyumbani mama aliniambia kuwa baba yake rafiki yangu alikuwa amelazwa hospitali tangu siku mbili nyuma, hali si nzuri, na mtoto hakutaka watu wajue kabla ya fainali.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mzee alifariki wiki ya tatu. Nilikwenda mazikoni, nikabeba jeneza pamoja na wengine, nikakaa matangani. Tulipeana mkono, lakini yeye hakuinua macho na mimi sikufungua kinywa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, maneno yakakwama. Siku ikapita, ya pili ikapita. Maalim ametufundisha mara ngapi kwamba si halali kumhama ndugu yako zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wa wawili ni yule anayeanza kwa salamu! Nililijua somo hilo vizuri, na mtihani wake niliupata alama zote. Hata hivyo wiki zikawa miezi. Aibu ikikaa sana moyoni hugeuka kiburi. Yeye alikaa pembe ile ya darasa na mimi pembe hii, na timu ya mtaa ikafa, kwa sababu haikuwa na gadi.

Kanda kutoka Muscat

Agosti 1997 ikaja kanda mpya. Ilikuwa mechi ya sita ya fainali ya mwaka ule, Chicago Bulls na Utah Jazz. Niliiangalia nyumbani kwa jirani. Mechi ilikuwa sare, 86 kwa 86, na zilibaki sekunde chache. Kila mtu duniani alijua nani atatupa, na mimi nilijua kuliko wote. Jordan alikuwa na pointi 39 usiku ule.

Jordan akapokea mpira. John Stockton, gadi wa Utah, akamwacha mtu wake akaenda kusaidia kumkaba. Mtu aliyeachwa alikuwa Steve Kerr, gadi mfupi aliyekuwa akianzia benchi. Jordan alimwona. Akampa. Kerr akatupa karibu na mstari wa mitupo huru, mpira ukaingia, Bulls wakashinda 90 kwa 86 na kuwa mabingwa.

Niliirudisha nyuma kanda ile mara nne. Ilikuwa mechi yangu mimi, sekunde zangu, watu wawili wale wale mbele yangu, na mwenzangu peke yake vile vile. Tofauti ni kwamba mtu niliyekuwa nikimtumia kuwa kisingizio cha uchoyo wangu, yeye mwenyewe aliachia mpira. Na nilipofikiri nikakumbuka kwamba hata ubingwa wa 1993, pointi tatu za ushindi wa 99 kwa 98 kule Phoenix zilitupwa na Paxson, yule niliyekuwa nikimwita kivuli.

Jioni ile nilichukua kanda nikaenda nyumbani kwao. Mama yake alifungua mlango.

"Shikamoo mama."

"Marhaba mwanangu. Umepotea sana."

"Nimekuja kwa kaka, mama."

Alitoka. Nikamwambia, "Nilikuona siku ile chini ya kikapu. Na lile neno la barazani, nimekuja kuomba radhi, la wewe na la marehemu." Alinyamaza kidogo, kisha akatazama mkono wangu akauliza, "Hiyo kanda ni ya mechi gani?" Tukaingia ndani tukaiangalia.

Mizani ya Maalim

Habari za kupatana kwetu zikamfikia Maalim wetu. Yeye hakuwa mtu wa kikapu, lakini alijua kuwa ubishi ule utarudi tu. Akatuita mbele ya darasa, akasema, "Mimi sikatazi majadiliano. Nakataza ugomvi unaojiita majadiliano. Leo kila mmoja ataitetea jozi ya mwenzake, na ataitetea mpaka mwenzake aseme, naam, ndivyo."

Ndugu msomaji, sijapata kufanya kazi ngumu kama ile. Ilinibidi niseme mema ya Thomas na Dumars kwa haki. Nikasimulia jinsi Thomas, katika mechi ya sita ya fainali ya 1988, alivyoumia kifundo cha mguu na bado akafunga pointi 25 katika robo moja, na timu yake ikapoteza kwa pointi moja. Nikasema kuwa Thomas aliweza kwenda mbele kwa ujasiri wote kwa sababu alijua nyuma yake yupo Dumars.

Maalim akauliza, "Na kasoro yao?" Nikaitaja. Mwaka 1991 Bulls walipowafunga Pistons mechi nne kwa bila, Thomas na baadhi ya wenzake walitoka uwanjani kabla mechi haijaisha bila kuwapa mkono washindi. Dumars alibaki akawapa mkono. Nilipofika hapo sauti ilinikatika kidogo, kwa sababu nilikumbuka mkono tuliopeana mazikoni. Sikuendelea, na Maalim hakunilazimisha.

Rafiki yangu naye akawatetea Jordan na wenziwe. Akasema jambo ambalo mimi, shabiki mkubwa, sikuwahi kulisema: kwamba Ron Harper kabla ya kwenda Chicago alikuwa mfungaji wa kutegemewa, akakubali kupunguza pointi zake na kushika kazi ya kukaba. Akasema, "Huyo si kivuli. Huyo ni mtu aliyechagua." Nikasema, naam, ndivyo.

Kijana mmoja nyuma akapiga kelele kuwa gadi bora ni Mahmoud Abdul-Rauf wa Denver, maana ni Mwislamu na mitupo yake huru haikosi. Kweli mtu huyo alikuwa hodari sana wa mitupo hiyo, na tulimpenda. Maalim akamuuliza, "Jozi yake nani?" Kijana akakaa chini. Darasa zima likacheka, naye pia.

Mwisho Maalim akatupa mizani ya maswali matatu. Kwanza, wawili hao walipata nini pamoja? Pili, walidumu muda gani? Tatu, na hili alilirudia, je, kila mmoja alimpunguzia mwenzake mzigo, au alimwongezea?

Jozi nyingine nilizozipima

Tangu siku ile nimesoma na kuangalia mengi, na mizani hiyo ninayo bado.

Bob Cousy na Bill Sharman wa Boston Celtics walitwaa ubingwa pamoja 1957, 1959, 1960 na 1961. Cousy aliongoza ligi kwa pasi za kufungia misimu minane mfululizo, na Sharman aliongoza kwa usahihi wa mitupo huru misimu saba. Kazi zao hazikugongana: mmoja mgawaji, mmoja mfungaji.

Jerry West na Gail Goodrich wa Los Angeles Lakers, msimu wa 1971 hadi 1972, kila mmoja alikuwa na wastani wa karibu pointi 26 kwa mechi, na West huyo huyo akaongoza ligi kwa pasi za kufungia. Timu yao ilishinda mechi 33 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa, ikatwaa ubingwa. Na kocha wao alikuwa nani? Bill Sharman yule yule, gadi wa zamani aliyejua maana ya kuwa na mwenza.

Kisha wapo Walt Frazier na Earl Monroe wa New York Knicks. Hawa walikuwa mahasimu. Monroe alikuwa Baltimore, na timu zao zilikutana katika hatua za mwisho za mashindano miaka mitatu mfululizo. Novemba 1971 Monroe akahamishiwa New York, na watu wakasema hawa hawawezi kucheza pamoja, labda wapewe mipira miwili. Baltimore Monroe alizoea kufunga zaidi ya pointi 20 kila mechi. New York, katika msimu wa 1972 hadi 1973, akashuka hadi kama 15. Hakununa, na mwaka 1973 Knicks wakawashinda Lakers wa West na Goodrich mechi nne kwa moja, kama Lakers walivyowafanyia wao mwaka mmoja nyuma. Kwa swali la tatu la Maalim, sijaona jozi inayojibu vizuri kuliko hii: mtu alipunguza jina lake ili wote wapate.

Na katika zama hizi wapo Stephen Curry na Klay Thompson wa Golden State Warriors, mabingwa wa 2015, 2017, 2018 na 2022. Kocha wao katika ubingwa wote huo alikuwa Steve Kerr, yule wa kanda yangu. Msimu wa 2015 hadi 2016 timu yao ilishinda mechi 73, ikaipita Chicago ya utoto wetu, na wawili hao peke yao walitia mitupo 678 ya pointi tatu. Desemba 2016 Thompson alifunga pointi 60 katika mechi moja, na katika pointi zote hizo aliudunda mpira mara 11 tu. Maana yake ni kuwa mpira ulimfikia tayari, wenzake walimtafuta. Na mwaka 2018 alipotia mitupo 14 ya pointi tatu katika mechi moja, rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Curry.

Thompson aliumia goti katika fainali ya Juni 2019, kisha akaumia mshipa wa kisigino 2020 kabla hajarudi. Alikaa nje siku 941. Aliporudi uwanjani Januari 2022, rafiki yangu, ambaye sasa anaishi na kufanya kazi Muscat, aliniandikia ujumbe usiku: "Kaka, karudi." Juni mwaka ule wakatwaa ubingwa wa nne. Mwaka 2024 Thompson alihamia Dallas, na jozi ikaachana kwa wema.

Nasaha zangu

Mpaka leo hatujakubaliana. Yeye bado ni wa Thomas na Dumars. Mimi nilimwacha Jordan na vivuli vyake zamani. Sasa nawaweka Curry na Thompson mbele, kwa sababu walidumu na walipata mengi, na Frazier na Monroe nawapenda zaidi moyoni. Kila mwaka fainali zikifika twabishana kwa simu mpaka mke wangu anauliza kama kuna msiba.

Wanafunzi wenzangu, nawausia mambo matatu.

Kwanza, bishaneni. Ubishi wenye hoja hunoa akili, na kijana anayejua kupanga hoja juu ya mpira ataweza kuipanga juu ya jambo kubwa zaidi. Lakini ukiona hoja imekwisha na umeanza kumtafuta mtu mwenyewe pale anapoumia, nyamaza. Hapo umeshashindwa, hata kama watu wanakupigia makofi.

Pili, jifunzeni kuisema hoja ya mwenzako vizuri kuliko anavyoisema mwenyewe. Asiyeweza hivyo bado hajaielewa.

Tatu, ukimwona mwenzako yuko peke yake chini ya kikapu, mpe mpira. Na kama hukumpa, nenda kamwambie kuwa ulimwona. Usingoje kanda kutoka Muscat. Mimi nilipoteza miezi minane, na katika miezi hiyo rafiki yangu alimlilia baba yake bila mimi kuwa karibu. Mengine nimeyalipa, hilo sina cha kulilipia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenyezi Mungu atujaalie wenza wema, na atujaalie nasi kuwa wenza wema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.